Baragumu, Korongo na Namba 5

Ipo beji moja ya kofia inayowachanganya hata wakusanyaji wazoefu. Ni baragumu dogo la madini, kamba zake zimefungwa fundo kwa juu, na katikati ya kamba imekaa namba 5. Ni alama ya King's African Rifles, jeshi ambalo mitaani liliitwa Keya. Muuzaji anayetaka kupandisha bei ataitambulisha kuwa beji ya Uganda ya mwaka 1902, na hapo hajasema uongo kamili. Batalioni ya 5 ilikuwa kweli ya Uganda, ila ilidumu miaka miwili tu. Ilivunjwa mwaka 1904, na namba hiyo ilipofufuliwa mwaka 1916 ilikuwa imehamia Kenya. Hata batalioni ilipovunjwa na kuundwa upya baadaye, namba yake haikurudi Uganda.

Kwa hiyo mwenye kushika "5" mkononi ana mambo matatu ya kuchagua: ni ya Uganda na ina thamani kubwa, ni ya Kenya na bei yake ni ya kawaida, au imetengenezwa juzi. Hilo la tatu ndilo la kulifikiria kwanza.

Ili kuelewa namba hiyo ilitoka wapi, mahali pazuri pa kuanzia ni Kibuli, mlima wa kusini-mashariki mwa katikati ya Kampala. Juu yake upo msikiti mweupe uliofunguliwa mwaka 1951, kwenye ardhi iliyotolewa na Mwanamfalme Badru Kakungulu. Kwenye mlima huohuo pana kambi ya polisi, shule ya mafunzo ya polisi na makao makuu ya upelelezi wa jinai. Waumini na wenye sare wamekuwa majirani hapo kwa miaka mingi, na ujirani wa aina hiyo katika Buganda una historia ndefu kuliko majengo yenyewe.

Baba yake Kakungulu alikuwa Nuhu Mbogo, ndugu wa Kabaka Mutesa wa Kwanza na kiongozi wa Waislamu wa Buganda baada ya kifo cha Kabaka Kalema. Baada ya kushindwa katika vita vya dini vya miaka ya 1888 hadi 1890, Waislamu walijikusanya mpakani mwa Bunyoro. Kapteni Mwingereza Frederick Lugard, aliyefika Kampala Desemba 1890 na kujenga ngome kwenye mlima unaoitwa sasa Old Kampala, hakuwa na askari wa kutosha. Mwaka 1891 alikwenda hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari Wasudani walioachwa nyuma na Emin Pasha, gavana wa zamani wa jimbo la Equatoria. Kiongozi wao alikuwa Selim Bey, na ndiye aliyesimama kati ya Lugard na Waislamu hadi Mbogo akakubali kuingia Kampala kwa amani, Mei 1892.

Mwaka mmoja baadaye urafiki wa Selim Bey na Mbogo uligeuka balaa. Waingereza waliogopa kwamba askari Waislamu na raia Waislamu wangeungana. Juni 1893 Selim Bey alikamatwa, akafia njiani akipelekwa pwani. Mbogo naye alihamishiwa Zanzibar na hakurudi hadi 1895. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulimpa yeye na wafuasi wake maili 24 za mraba za ardhi, kwa masharti ya kuachana na madai ya ufalme.

Wasudani walibaki jeshini. Mwaka 1895 wakawekwa chini ya sheria mpya kama Uganda Rifles, wakiwa na mishahara midogo iliyochelewa na safari zisizokwisha. Septemba 1897, huko Eldama Ravine, kombania tatu zilikataa kwenda na msafara wa Meja James Macdonald kaskazini bila kupumzika na bila wake zao. Waliteremka hadi ngome ya Lubwa huko Busoga, wakamshika kamanda wao, Meja Thruston, na baada ya mapigano ya Oktoba 19 wakamwua pamoja na Wazungu wawili wengine, Wilson na Scott. Uasi ulizimwa mwaka uliofuata kwa msaada wa askari kutoka Uhindi, wakiwemo wa 27th Bombay Infantry. Kumbukumbu yake ya metali ipo: Medali ya Afrika Mashariki na Kati iliyotolewa mwaka 1899, yenye sura ya Malkia Victoria upande mmoja na Britannia na simba upande wa pili. Baadhi ya medali hizo zina kipande cha juu chenye neno "LUBWA'S".

Baada ya hapo serikali haikutaka tena kutegemea Wasudani peke yao. Ikaajiri kikosi cha Wahindi, wakiwemo Masingasinga, kiwe kama ngao dhidi ya uasi mwingine. Tarehe 1 Januari 1902 majeshi yote ya Waingereza katika kanda hii yalipounganishwa kuwa King's African Rifles, batalioni ya 1 na ya 2 zilitoka Afrika ya Kati, ya 3 Kenya, ya 4 na ya 5 Uganda, ya 6 Somaliland. Waafrika wa Uganda wakawa wa 4, Wahindi wa Uganda wakawa wa 5. Gharama za kuwaleta askari kutoka ng'ambo zilikuwa kubwa na hofu ya uasi ilikuwa imepungua, ndipo wa 5 wakaondolewa mwaka 1904. Huo ndio uhai wote wa namba 5 nchini Uganda.

Baragumu lenyewe ni la Ulaya. Vikosi vya wepesi na vya bunduki vya karne ya 18 na 19 viliamrishwa kwa sauti ya baragumu badala ya ngoma, kwa sababu askari wao walitawanyika porini na ngoma haikuwafikia. Alama hiyo ikahamia kwa kila kikosi kilichoitwa "Rifles", kuanzia Uingereza hadi Himalaya na hadi Jinja. Kilichokuwa cha hapa kwetu ni kofia. Askari wa Keya walivaa tarbushi, ndefu na nyekundu kwa gwaride, ikifunikwa kwa kitambaa cha kaki vitani. Baadhi ya batalioni za mwanzo ziliandika namba yao kwenye tarbushi kwa tarakimu za Kiarabu, na kwa askari Msudani aliyesoma chuoni hiyo huenda ndiyo alama pekee ya jeshi aliyoweza kuisoma bila kufundishwa na mzungu. Katika Vita vya Pili vya Dunia tarbushi iliachiwa gwaride, na kwenye mapigano ikaingia kofia pana ya pama yenye ukingo uliokunjwa upande mmoja.

Namba zilikuwa zimezidi kuchanganyika Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto. Mwaka 1914 Keya ilikuwa na askari Waafrika wasiozidi 2,400. Mwaka 1918 ilikuwa na batalioni 22. Batalioni ya 6, iliyokuwa ya Somaliland na ikavunjwa mwaka 1910, ilizaliwa upya mwaka 1917 kwa kuandikisha askari waliowahi kumpigania Mjerumani wakatekwa. Wa 7 walitoka Zanzibar. Mkusanyaji anayeiona "6" hana budi kujiuliza kama aliyeivaa alitoka Berbera au Tabora, kwa sababu chuma chenyewe hakimwambii.

Ni katika vita hivyo viwili vya dunia ndipo Wagurkha, askari wa Nepal waliowatumikia Waingereza, wanapoingia katika hadithi ya Afrika Mashariki, na wanaingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni Tanga. Jeshi la Uhindi lililojaribu kuuteka mji huo Novemba 1914 na kushindwa vibaya na Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa na Kashmir Rifles, ambao sehemu ya askari wao walikuwa Wagurkha. Mlango wa pili ni Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na kichwa cha kifaru kama alama yake begani, ilipita Bonde la Kabaw wakati wa masika na kuiteka Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Ndani yake walikuwamo Waganda, Waacholi, Walango na wengine wa Uganda katika batalioni za 4, 34 na 44. Divisheni hiyo ilikuwa chini ya Jeshi la 14 la Jenerali William Slim, ambaye mwenyewe alikuwa afisa wa 6th Gurkha Rifles, na katika divisheni za Uhindi za jeshi hilo Wagurkha walikuwa wengi.

Ukiweka beji za pande hizi mbili mezani, undugu wao unaonekana. 10th Gurkha Rifles walikuwa na baragumu kama la Keya, ila limepitiwa na kukri, kile kisu kilichopinda cha Nepal, pamoja na namba X. 6th Gurkha walikuwa na kukri mbili zilizopishana na 6 kati yake. 2nd Gurkha walivaa manyoya matatu ya Mwanamfalme wa Wales. Mwaka 1947, India ilipopata uhuru, rejimenti kumi ziligawanywa: ya 2, 6, 7 na 10 zikabaki kwa Waingereza, na sita nyingine zikaenda India. Tarehe 1 Julai 1994 zile nne za Waingereza ziliunganishwa kuwa Royal Gurkha Rifles. Beji nyingi za majina ya zamani ziliacha kuvaliwa, lakini watu wanaozitaka hawakupungua. Pengo hilo ndilo linalolisha biashara ya nakala.

Nakala hizo hazifanani zote. Zipo zilizogongwa kwa chapa ya zamani ya kiwanda, ya chuma kigumu, iliyouzwa au kukodishwa baada ya kikosi kuvunjwa. Hizi hutoka na mistari ileile ya asili, na mara nyingi hata mtaalamu hubishana na mwenzake kuzihusu. Zipo zilizogongwa kwa chapa mpya iliyochongwa kwa kuangalia picha. Na zipo zilizosubiwa: mtu anachukua beji halisi, anaikandamiza kwenye kalibu, anamimina madini yaliyoyeyuka. Beji nyingi za asili zilitoka London na Birmingham, kwenye makampuni kama Firmin & Sons na J. R. Gaunt & Son. Nakala nyingi za miaka ya karibuni zinatoka Sialkot, Pakistani, mji unaotengeneza mipira ya miguu, vifaa vya hospitali na mapambo ya sare kwa ajili ya dunia nzima.

Kuzitambua ni kazi ya vidole kwanza, macho baadaye. Beji iliyogongwa kwa chapa huwa nyembamba, na ukiigeuza utaona mgongo wake umebonyea kufuata umbo la mbele: pale baragumu linapovimba mbele, nyuma pana shimo. Iliyosubiwa huwa nene na nzito, mgongo wake tambarare au wenye vijishimo kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui. Madini yakipoa hunywea, kwa hiyo nakala iliyosubiwa kutoka kwa beji halisi hutoka ndogo kidogo, na rula hutosha kuifichua. Nafasi kati ya kamba za baragumu huangaliwa pia. Kiwandani zilikatwa wazi kwa mkato mmoja safi. Kwenye kazi ya haraka hubaki na vipande vya madini au alama za tupa.

Halafu kuna kile kinachoishikilia kofiani. Beji za zamani zaidi zilikuwa na vitanzi viwili vya waya vilivyolehemiwa, vikipitishiwa pini. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukaenea ulimi mrefu wa madini unaochomekwa kwenye kofia. Ulimi uliotiwa lehemu mpya inayong'aa kwenye beji inayodaiwa kuwa ya 1915 unataka maelezo. Na uchafu ni shahidi mzuri: askari aliyesugua beji yake kila asubuhi kwa miaka aliacha masalia meupe ya dawa ya kung'arishia kwenye pembe za ndani, huku sehemu za juu zikisagika taratibu. Mghushi anaweza kuzisaga zile za juu kwa dakika chache. Masalia ya pembeni humshinda, kwa kuwa anayoyaiga huwa sare mno, kama yaliyopakwa kwa brashi mara moja.

Kampala haihitaji kufundishwa habari za nakala. Mtaa wa Nasser Road una sifa ya muda mrefu ya mashine za kuchapa zinazotoa kila kitu, kuanzia mabango ya siasa hadi hati za kughushi, na mtaa wa Katwe una mafundi wanaojulikana Uganda nzima kwa kutengeneza upya kitu chochote cha chuma unachowaletea. Hata hivyo beji za kijeshi za zamani zinazotolewa kwa mnunuzi wa hapa kwa kawaida zimetoka nje, na sababu inaeleweka. Sare ya askari wa Keya ilikuwa mali ya mfalme. Alipoachishwa kazi alirudisha kofia, mkanda, blanketi na beji. Afisa Mwingereza alinunua sare yake mwenyewe na akaondoka nayo. Ndiyo maana beji ya batalioni ya Uganda ni rahisi kuipata kwenye mnada wa Uingereza kuliko Jinja, ambako batalioni ya 4 ilikuwa na kambi.

Serikali zilizofuata ziliongeza upungufu huo. Tarehe 9 Oktoba 1962 batalioni ya 4 iligeuka kuwa Uganda Rifles, jina la 1895 likirudi kwa muda mfupi, kisha ikawa Uganda Army. Januari 1964 askari wa Jinja waliasi wakidai mishahara na maafisa Waafrika. Mmoja wa maafisa wawili wa kwanza wa Uganda, Idi Amin, aliyejiunga na Keya mwaka 1946 na kupewa cheo cha afisa mwaka 1961 pamoja na Shaban Opolot, alitwaa nchi mwaka 1971. Jeshi lake lilivunjika mwaka 1979, likaja jeshi la UNLA, nalo likashindwa na waasi wa NRA mwaka 1986, na tangu katiba ya 1995 jeshi la taifa ni UPDF. Kila mara jeshi jipya lilipoingia, kubaki na alama ya jeshi lililoshindwa kulikuwa kujitafutia matatizo. Watu walitupa, walizika, waliyeyusha.

Amin mwenyewe alikuwa shabiki mkubwa wa nakala. Alijivisha nishani ya Victorious Cross, iliyofanana na Victoria Cross ya Waingereza kiasi cha kushiriki nayo herufi V na C. Leo nayo inatafutwa na wakusanyaji: nakala iliyotolewa na serikali halali, ambayo ina nakala zake za bandia.

Polisi wa Kibuli wanaingia katika orodha hii kupitia ndege wa kwenye beji yao. Jeshi la polisi la Uganda lilianza mwaka 1899 kama kikosi cha konstebo wenye silaha, likawa Uganda Police mwaka 1906. Korongo taji ndiye aliyekuwa alama ya nchi wakati wa ukoloni, na anayetajwa kumpendekeza ni Gavana Frederick Jackson, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1918 na aliyekuwa mtaalamu wa ndege kabla ya kuwa mtawala. Kwenye beji za polisi za kikoloni zenye taji la kifalme, taji hilo ndilo linalotoa tarehe. Likiwa na matao yaliyoinuka kama kuba ni la enzi za wafalme, kabla ya 1953. Likiwa limebonyea juu katikati, ni la Malkia Elizabeth. Baada ya uhuru taji la Uingereza likaondoka, ndege akabaki na lake la asili kichwani. Mghushi asiyejua historia hukosea hapo: huweka taji la Malkia juu ya beji anayodai ilivaliwa Vita vya Pili.

Mkusanyaji wa Kampala ana jambo jingine la kuzingatia, nalo ni sheria. Septemba 2019 serikali ilichapisha kwenye gazeti lake rasmi orodha ya mavazi na alama ambazo ni za jeshi peke yake, ikiwemo bereti nyekundu iliyokuwa sare ya wafuasi wa mwanasiasa wa upinzani Bobi Wine. Raia anayekutwa na vitu hivyo anaweza kushtakiwa. Beji ya UPDF ya leo, hata kama ni nakala ya bati, haifai kukaa kwenye kabati la mpenda historia. Beji za Keya na za Wagurkha ni za majeshi yaliyokwisha au ya nchi za mbali, na nakala zake zilizotajwa wazi kuwa nakala zinampa mtu nafasi ya kujifunza umbo, namba na miaka kabla hajatoa fedha nyingi kwa kitu anachodhani ni cha asili.

Upo upungufu mmoja ambao nakala na beji halisi zote zinao: hazina jina la mtu. Medali za Waingereza za 1899 na za Vita vya Kwanza ziliandikwa pembeni namba, jina na kikosi cha mwenyewe, ndiyo maana medali ya Msudani mmoja wa Uganda Rifles hufuatwa hadi kwenye daftari la kikosi. Beji ilipigwa kwa maelfu, ikapita kichwa hadi kichwa. Na hata palipotakiwa majina, mara nyingi hayakuandikwa. Aprili 2021 ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba waliofia Dola la Uingereza katika Vita vya Kwanza angalau 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Tume hiyo ndiyo inayochonga beji ya kikosi juu ya mawe ya makaburi ya askari, na tangu ripoti itoke imekuwa ikitafuta majina ya askari na wapagazi wa Afrika Mashariki katika nyaraka za zamani za kijeshi, yakiwemo ya batalioni zilizowahi kubeba namba za Uganda.